Kwa Nini Mchuuzi wa Ikonge Alipe Sawa na Bwanyenye wa Nairobi?



Tangu tupate Uhuru mwaka wa 1963, Mkenya wa kawaida amehubiriwa injili moja bila kukoma: jiajiri. Serikali ya chama kimoja ilimhubiria hivyo, na serikali za vyama vingi zilizofuata zikaendelea pale pale. Mwaka wa 1992 ulitolewa Waraka wa Bunge Na. 2 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Mwaka wa 2012 Bunge likapitisha sheria nzima ya biashara ndogo. Kila msimu wa kampeni mchuuzi hukumbatiwa, hupigwa picha, huitwa uti wa mgongo wa uchumi. Kura zikishahesabiwa, uti huo wa mgongo huachwa sokoni ukinyeshewa.

Neno nililo nalo leo ni moja. Sheria ya Kenya ina ngao nzuri ajabu kwa mfanyabiashara. Ngao hiyo imetundikwa mahali ambapo mwenye nacho huichukua akipita tu, na asiye nacho huitazama kwa mbali. Kinachowatenganisha ni bei. Nayo bei hiyo, tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka wa 2015 na 2016, imekuwa nafuu kwa mkubwa na mzigo kwa mdogo, huku tukiimbiwa kwamba hayo ndiyo mageuzi.

Ngao ninayoizungumzia ni kampuni. Wengi wetu tukisikia neno hilo hufikiria jumba la vioo na mlinzi mlangoni. Kumbe msingi wa sheria yetu ya makampuni uliwekwa na kesi ya fundi wa viatu. Mwaka wa 1892, jijini London, mshonaji viatu aitwaye Aron Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilitaka wanachama saba, kwa hiyo akawaingiza mkewe na watoto wake watano, kila mmoja na hisa moja, naye mwenyewe akabaki na hisa 20,001 kati ya 20,007. Biashara ikaanguka upesi. Mfilisi akasema kampuni hii ni kivuli tu, Salomon na alipe madeni yote kutoka mfukoni mwake. Mahakama mbili zikakubaliana na mfilisi. Lakini Baraza la Malodi, katika hukumu maarufu iliyochapishwa mwaka wa 1897, likawakatalia wote: kampuni ikishasajiliwa ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Ina jina lake, mali yake na madeni yake. Aliyenunua hisa akishazilipia hadaiwi zaidi.

Kila mwanafunzi wa sheria katika nchi hii huikariri kesi hiyo. Ni wachache wanaoulizwa jinsi mshonaji viatu wa soko la kwao wenyewe angeweza kufika alikofika Salomon.

Basi tuwachukue akina mama saba wa Magwagwa. Nimesema saba kwa makusudi. Ni mfano tu, sitaji mtu, lakini kila mmoja wenu atawatambua. Wanalima pamoja kwa zamu kama vile mama zao walivyolima katika egesangio. Wanataka sasa kuuza maharagwe, mahindi na ndizi kwa shule za sekondari. Wamesikia, na wamesikia kweli, kwamba tangu mwaka wa 2013 asilimia 30 ya zabuni za Serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ili waingie katika orodha hiyo ni lazima biashara yao iwe imesajiliwa.

Njia rahisi ipo. Wanaweza kusajili jina la biashara kwa ada isiyofika shilingi elfu moja. Afisa atawashauri hivyo, na mwenye saiba pia. Wasichoambiwa ni kwamba jina la biashara ni jina tu. Mbele ya sheria hao saba ni washirika, na kila mshirika aweza kudaiwa deni lote, si sehemu yake pekee. Ushirika uliosajiliwa nao unataka watu wasiopungua kumi. Hawa ni saba.

Wanapata zabuni. Wanakopa nafaka kwa mfanyabiashara wa jumla huko Sondu, wanapeleka, wanatiliwa sahihi. Kisha malipo hayaji. Muhula unapita, mwaka wa fedha unapita. Hapa sibuni maajabu: madeni ambayo serikali za kaunti na idara za Serikali Kuu hazijawalipa wauzaji wadogo ni kilio cha kila siku nchini, na Msimamizi wa Bajeti huyaorodhesha katika ripoti zake. Mwenye nafaka naye ana watoto. Anakwenda mahakamani, anapata hukumu, na dalali anapanda mlima. Anachukua ng'ombe wa nani? Wa yule mama ambaye ng'ombe wake yuko karibu na barabara. Kipande cha shamba nacho chaweza kufuata. Dola ndiyo iliyochelewesha fedha. Mjane ndiye aliyelipa.

Lau wangekuwa kampuni, deni lingekuwa la kampuni. Wangepoteza hisa zao na wangelia, lakini ng'ombe angebaki zizini. Najua mwenzangu wa benki atanikatiza hapa aseme kwamba benki haimkopeshi mdogo bila wakurugenzi kujidhamini wenyewe, hivyo ngao hiyo ni ya karatasi. Ni kweli kwa benki. Lakini benki si mdai pekee duniani. Yuko mwenye nafaka, mwenye nyumba, mwenye lori, na mzazi wa mwanafunzi aliyeugua baada ya kula. Kwa hao wote ngao hufanya kazi, na hao ndio wanaomdai mfanyabiashara wa kijijini.

Sasa bei. Kusajili kampuni ya binafsi katika mtandao wa eCitizen kumekuwa kukigharimu shilingi 10,650. Mkulima wa hapa akilipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi ya chai, ada hiyo ni kilo 426. Kila mchumaji anajua uzito wa kilo 426 mgongoni, na anajua kwamba katika hizo shilingi 25 mna mbolea, kibarua na karo ya shule. Mwanasheria wa Nairobi anayesajili kampuni ya kujengea maghorofa hulipa 10,650 hizo hizo kabla hajamaliza chai yake ya saa nne.

Na hiyo ni ada ya mlangoni tu. Waombaji wanatakiwa kuwa na nambari za siri za kodi, picha, nakala za vitambulisho, fomu ya CR1, CR2, CR8, na fomu nyingine ya kutaja wamiliki halisi. Fomu hizo ni za Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 katika Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Kwa hiyo mama analipa saiba, analipa wa kumtafsiria, analipa nauli ya kurudia sahihi iliyokosewa. Mama mmoja kati ya saba picha yake ya kitambulisho imefifia, na wote wanangoja.

Cheti kikitoka, kaunti inangoja na leseni yake ya biashara, na kando yake ukaguzi wa afya na wa moto. Kila mwaka kampuni iwasilishe taarifa kwa Msajili. Kila mwaka iwasilishe taarifa ya kodi, hata kama haikuuza punje moja. Hapa ndipo wengi wetu huumizwa bila kujua. Chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka wa 2015, mtu binafsi asiyewasilisha taarifa hutozwa asilimia tano ya kodi au shilingi 2,000, iliyo kubwa. Kampuni hutozwa asilimia tano au shilingi 20,000. Hivyo kikundi kilichosajili kampuni kwa tumaini la zabuni, kikakosa zabuni, kikaiacha kampuni ilale, huamka baada ya miaka mitatu na deni la shilingi 60,000 kwa kosa la kutotangaza kwamba hakikupata chochote. Hata kuizika kampuni hiyo kuna taratibu na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Sheria ya Makampuni ya mwaka wa 2015 ilileta mema. Sheria ya zamani, Sura ya 486, iliyoanza kutumika mwaka wa 1962 na kunakiliwa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya Waingereza ya 1948, ilitaka wanachama wawili hata kama mwenye biashara ni mmoja, na ilitaka kila kampuni iwe na katibu. Sasa mtu mmoja aweza kuwa kampuni, na kampuni ndogo hailazimiki kuwa na katibu mpaka mtaji uliolipiwa ufike shilingi milioni tano. Zamani mtu wa Magwagwa alisafiri takriban kilomita 300 hadi Sheria House, Harambee Avenue, au alimlipa wakili amsafirie, na ada ya wakili mara nyingi ilizidi ada ya Serikali. Chama cha mawakili hakikulia sana juu ya jambo hilo. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Luka 11:46, aya ambayo sisi wa taaluma hii hupenda kuiruka.

Lakini tazameni kilichotendeka katika mapinduzi hayo ya kidijitali. Chini ya utaratibu wa zamani, kampuni ililipa ushuru wa stempu wa asilimia moja ya mtaji wake uliotangazwa, na ada ya usajili nayo ilipanda kwa kadiri ya mtaji. Kampuni ya mtaji wa shilingi 100,000 ililipa ushuru wa shilingi 1,000. Kampuni ya mtaji wa shilingi milioni 100 ililipa shilingi milioni moja. Ulikuwa utaratibu mzito, lakini ulijua tofauti kati ya kikapu na lori. Wakaufuta ushuru huo, wakaweka ada moja kwa wote. Yule wa milioni 100 akasamehewa karibu milioni nzima. Yule wa laki moja, ambaye ushuru wake ulikuwa elfu moja, akakabidhiwa ada ya zaidi ya elfu kumi. Benki ya Dunia yenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuishuku kuwa rafiki wa wachochole, ilikiri katika ripoti yake iliyotolewa mwishoni mwa mwaka wa 2016 kwamba ada hiyo moja kwa wote iliifanya gharama ya kuanza biashara nchini Kenya ipande.

Mbona walifanya hivyo? Kwa sababu kulikuwa na mashindano. Benki ya Dunia ilikuwa ikizipanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara, na Nairobi ilitaka sifa. Tulikuwa wa 136 katika ripoti ya 2015. Tukapanda hadi nafasi ya 56 katika ripoti ya 2020, na vigelegele vikapigwa. Hata hivyo katika kipimo kimoja, kile cha kuanzisha biashara, bado tulikuwa wa 129. Halafu mwezi wa Septemba 2021 Benki yenyewe ikaifunga ripoti hiyo baada ya dosari kugunduliwa katika takwimu zake. Na jambo lililonikera zaidi ni hili: kwa Kenya, kipimo hicho kilipima Nairobi. Magwagwa haikupimwa. Nchi nzima ilibadilishiwa ada ili mji mmoja upande ngazi, na ngazi yenyewe ikavunjwa.

Kuna kejeli ya historia ambayo sitaki tuipite. Nchi hii ilitawaliwa kwanza na kampuni. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya Malkia mwaka wa 1888, na ikatawala hadi Serikali ya Uingereza ilipochukua usukani mwaka wa 1895. Mgeni alikuja akiwa amevaa ngao ya kampuni. Mwafrika, kwa upande wake, aliwekewa sheria za kumbana hata katika kukopa: deni lake lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani pasipo idhini maalum, ikidaiwa kwamba analindwa. Matokeo yake hakuna aliyemkopesha. Baba zetu waliruhusiwa kupanda kahawa hapa Kisii katika miaka ya 1930 kwa majaribio, kana kwamba mche wa kahawa ungeshindwa kumwelewa mtu mweusi. Walipopata nafasi hawakushindwa. Na leo mkulima yule yule wa chai anayeambiwa kwamba mambo ya kampuni ni magumu kwake ni mwenyehisa wa kampuni ya kiwanda cha chai. Amepiga kura kuchagua wakurugenzi. Amegomba juu ya bonasi. Anajua maana ya mizania kuliko mbunge wake.

Basi msiambiwe kwamba watu wetu hawasajili kwa sababu ya ujinga au kwa kupenda kujificha. Uchunguzi wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka wa 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.41 nchini, zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Zaidi ya milioni tano na laki nane hazikuwa na leseni. Je, Wakenya milioni tano na ushee wote ni wakaidi? Watu wengi kiasi hicho wakikwepa mlango mmoja, mwenye akili huuchunguza mlango. Mwanauchumi Hernando de Soto wa Peru alifanya hivyo miaka ya 1980: watu wake walijaribu kukisajili kihalali kiwanda kidogo cha nguo karibu na Lima, na iliwachukua siku 289.

Hazina itasema inahitaji mapato. Sawa, lakini ada ya usajili si mahali pa kuchumia. Kampuni inayoishi italipa kodi mwaka baada ya mwaka. Kampuni iliyozuiwa kuzaliwa haitalipa hata senti. Nchini Rwanda kampuni husajiliwa kwa mtandao bila ada, na cheti hutoka ndani ya saa chache. Siwezi kuisifu siasa ya Kigali katika gazeti la watu waliopigania vyama vingi, lakini katika jambo hili dogo jirani ametushinda, na wala hana mafuta wala bandari.

Tena tunayo Katiba, ambayo watu walimwagiwa gesi na kupigwa rungu ili ipatikane. Ibara ya 201 inaagiza kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 36 inataka usajili wa chama cha aina yoyote usinyimwe bila sababu ya haki. Wazee wenu wanalikumbuka vizuri neno hilo usajili. Mwaka wa 1982 George Anyona wa Kitutu, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, walipotaka kuanzisha chama cha pili, jibu lilikuwa kifungu cha 2A, nacho hakikufutwa hadi Desemba 1991. Siku zile Serikali ilikataa kusajili kwa amri. Kumnyima mtu usajili kwa bei hakupigiwi kelele, kwa kuwa hakuna anayefungwa jela, na mnyimwa hurudi nyumbani akijilaumu mwenyewe.

Tunachotaka ni haya. Ada ifuate ukubwa wa mtaji, na kampuni ndogo ya watu wa kijijini isajiliwe bure. Kampuni isiyofanya biashara ionywe kwanza kwa barua ya Kiswahili kabla ya kutozwa shilingi 20,000. Fomu zote zipatikane kwa Kiswahili. Leseni ya kaunti ya mwaka wa kwanza isamehewe. Ada za usajili huwekwa kwa kanuni, na kanuni ni lazima zipelekwe Bungeni chini ya sheria ya mwaka wa 2013, kwa hiyo mbunge asiwaambie kwamba hahusiki. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Nyamira nao hujadiliwa kila mwaka, na vikao vya kupokea maoni mara nyingi huhudhuriwa na wale tu waliolipiwa nauli.

Nawasihi hasa watu wa makanisa. Ninyi ndio mnaofanya harambee ya mjane baada ya dalali kuondoka. Ninyi mna madaftari, mna makatibu, mna watu wanaoaminika, na mna mikutano kila juma ambayo hakuna afisa anayeweza kuifuta. Someni Isaya 10, aya mbili za mwanzo, kisha ombi lisomwe baada ya ibada, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, na kila mwenye kitambulisho atie sahihi kwa hiari yake, bila kuulizwa ni wa chama gani.

Na kila aliyewahi kujaribu kusajili kampuni, awe alifaulu au alikwama njiani, alete stakabadhi zake: ya saiba, ya eCitizen, ya leseni, ya ukaguzi wa afya, ya faini, ya nauli. Zitabandikwa moja moja nyuma ya ombi, na jumla yake iandikwe katika ukurasa wa kwanza, juu ya sahihi zote.